Mpige Picha Akiwa Hai

Umewahi kusimama msibani, ukaitazama picha iliyoegemezwa kwenye jeneza, ukamtafuta marehemu ndani yake usimwone?

Unaijua picha hiyo. Imekuzwa kutoka kwenye kitambulisho. Uso umevutwa mpaka ukawa ukungu, macho yamekodoka kama ya mtu aliyeshtuliwa usingizini, na nyuma yake ukuta mtupu. Jaja, bibi yako, aliyekuwa akicheka mpaka leso inamvuka bega, jaja aliyelea watoto wake na nusu ya watoto wa majirani, anaagwa kwa picha aliyopigwa siku alipoambiwa akae wima, asitabasamu. Siku moja kabla ya maziko, kijana wa familia alikabidhiwa kile kitambulisho cha taifa, Ndaga Muntu, akarukia boda boda hadi Nasser Road, Kampala, akamsihi fundi aikuze kadiri inavyowezekana. Fundi akafanya alichoweza.

Na wewe ulikuwa wapi?

Ulikuwepo. Miaka yote ile ulikuwepo, na simu yenye kamera ilikuwa mfukoni mwako. Ulipiga picha sahani ya chipsi. Ulipiga picha viatu vipya. Ulijipiga mwenyewe kwenye kioo cha saluni mara arobaini, ukachagua moja. Jaja alikuwa ameketi pale barazani, mwanga wa asubuhi umemlala shavuni, na wewe ukampita ukitafuta mtandao.

Sikuulizi ili nikulize. Nakuuliza kwa sababu wengine bado wako hai.

Mama bado yupo. Yule mzee anayeshona viatu pale kona bado yupo. Mwalimu aliyekufundisha kusoma bado yupo, kastaafu, anafuga kuku, na hakuna mtu aliyemwomba picha tangu siku aliyoagwa shuleni.

Amka.

Waganda husema okukuba ekifaananyi. Kukuba ni kupiga. Sisi nasi tunasema kupiga picha. Lugha mbili majirani zimekubaliana kwamba picha ni kitu cha kupigwa, kama ngoma. Umeona wapi ngoma ikijipiga? Na hicho ekifaananyi chenyewe kimetoka kwenye mzizi uleule wa kufanana kwetu: ni kile kinachofanana na mtu. Ndani ya neno moja la Kiluganda umepewa kazi yote na mtihani wake. Je, anafanana? Anayemjua mama yako akiitazama picha uliyompiga, atasema, "Ndiye"?

Kitambulisho hakiulizi swali hilo. Kitambulisho kinataka masikio mawili na kipaji cha uso.

Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, kulikuwa na studio iitwayo Gulu Real Art Studio. Mtu akihitaji picha ya kitambulisho, alipigwa picha nzima ameketi kwenye kiti, kisha uso ukakatwa ukatolewa, mstatili mdogo, akapewa aende zake. Kilichobaki kilitupwa. Mpigapicha Mwitaliano Martina Bacigalupo aliyaona mabaki hayo, akayakusanya, na mwaka 2013 yakawa kitabu. Yatazame siku moja. Mikono iliyokunjwa mapajani. Magoti yaliyobanwa. Koti la kuazima lililozidi mabega. Mtoto aliyepakatwa. Kila kitu kipo, na mahali pa uso pana tundu. Ofisi zilihitaji uso tu, na mtu mwenyewe akabaki sakafuni.

Wewe ndiye wa kumwokota. Hakuna afisa atakayekuja kufanya kazi hiyo.

Najua utakachosema. Nimeshasikia.

Utasema huna kamera.

Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, alifungua studio mwaka 1948. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake. Alipigia uani, kwa mwanga wa jua, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, mara nyingi alimpiga mtu picha moja tu. Moja! Leo picha hizo zimetundikwa kwenye makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 13. Filamu ilipobakiza nafasi chache mwisho wa siku hakuziacha zipotee. Alijipiga mwenyewe, ampelekee bibi yake Nigeria, ajue mjukuu yu mzima.

Wewe una shuka. Una ua. Una bibi.

Unangoja nini?

Au unadhani wale ni watu wa mbali, walioumbwa kwa udongo mwingine? Basi njoo nyumbani. Musa Katuramu alikuwa seremala na mwalimu kusini magharibi mwa Uganda. Kazi zilizompa ugali zilikuwa mbao na chaki. Lakini tangu miaka ya 1930 alikuwa na kamera, na alipiga watu wa upande wake wakiwa wamevaa vizuri, wamesimama vizuri, kama watu wanaojua wao ni nani. Hakungoja ruhusa ya kuitwa msanii. Aliranda mbao, akafundisha, akapiga picha, na negativu zake zimemzidi umri.

Sarah Waiswa alizaliwa Uganda, akafanya maisha yake Nairobi. Chuoni alisoma sosholojia na saikolojia. Kamera alijifunza mwenyewe. Mwaka 2016, kwenye tamasha la picha la Arles, Ufaransa, tamasha ambalo wapigapicha wa dunia nzima hulitamani, alipewa tuzo ya wagunduliwa wapya. Kwa picha gani? Za mwanamke mmoja mwenye ualbino, aliyempiga mtaani Kibera, Nairobi. Hakupanda ndege kutafuta mada. Mada ilikuwa inatembea mtaani, na watu walikuwa wakiikodolea macho bila kuiona.

Katika mtaa wako kuna nani ambaye kila mtu anamkodolea macho na hakuna anayemwona?

Utasema huna studio.

Ndugu yangu, unaishi karibu kabisa na mstari wa ikweta! Jua la Kampala linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima. Januari ni hivyo, Julai ni hivyo, tofauti ni dakika chache. Mpigapicha wa nchi za baridi hukesha akisali jua litoke mchana. Wewe umepewa jua kama mshahara wa kila siku, na huendi kuupokea.

Lakini sikiliza, kwa maana jua letu halina subira. Linapanda wima. Saa nne limeshakuwa kali. Saa sita liko utosini, na kila uso unageuka fuvu: mashimo meusi mahali pa macho, kivuli cha pua kimelalia mdomo. Una saa moja na nusu asubuhi ambapo mwanga unakuja kwa upande, laini, wa dhahabu, umechanganyika na vumbi jekundu la barabarani. Una saa moja na nusu nyingine jioni. Saa hizo hazikopeshwi.

Na saa hizo ndizo unazolala.

Ukichelewa, usikate tamaa, tumia mlango. Mlango wa nyumba yoyote ya Bwaise au Katwe ni studio. Muweke mtu ndani, hatua moja kutoka kizingitini, uso wake ukitazama nje. Zima taa ya umeme. Wewe simama nje, bega karibu na ukingo wa mlango, usimzibie mwanga. Utaona ajabu: giza la chumba linakuwa pazia jeusi nyuma yake, na mwanga wa angani unamwosha uso bila kumfanya akunje macho. Upande mmoja ukiwa mweusi mno, mtoto mmoja ashike gunia jeupe la unga wa posho karibu na shavu lile. Gunia tu! Linarudisha mwanga kama kile kitambaa cheupe kinachouzwa dukani kwa bei ya wiki nzima ya chakula.

La tatu, na hili lishike kwa mikono miwili. Kwa miongo kadhaa maabara za picha duniani zilipanga rangi zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Ngozi yetu haikuwamo kwenye kipimo. Ndiyo maana kwenye picha nyingi za zamani babu yako ni meno na macho. Simu yako ya leo ni bora zaidi, lakini bado inaweza kukudanganya: inaona mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, inahangaikia ukuta, na uso unazama. Usiiachie simu iamue. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu. Shikilia. Pandisha mwanga kidogo mpaka uone rangi halisi ya ngozi yake, kahawia ile yenye wekundu ndani, weusi ule wenye buluu ndani. Hiyo ndiyo rangi ya mama yako. Usimpake nyingine. Na ile programu ya kumng'arisha mtu mpaka afanane na chupa ya maziwa, ifute leo.

Hayo ni masomo matatu ya darasa, nimekupa bure. Umeyajaribu? Au umeyasoma tu?

Utasema huna mwalimu.

Hapa ndipo subira inaponiisha kabisa, kwa sababu unaishi Kampala. Uganda Press Photo Award ilianza mjini humu zaidi ya miaka kumi iliyopita. Imeshindanisha wapigapicha, imetundika kazi zao mtu wa kawaida azione, imewaweka vijana chini ya walezi wenye uzoefu, na kutoka kwake ikazaliwa tuzo ya Afrika Mashariki nzima. Kituo cha wasanii cha 32° East kiko Kabalagala, na kina maktaba ya vitabu vya sanaa. Mara ya mwisho uliingia lini? Esther Ruth Mbabazi ni mpigapicha wa mji huuhuu, mwanamke kijana, na kazi yake imepata ufadhili wa National Geographic. Mradi wake This Time We Are Young unahusu nani? Unahusu vijana wa Uganda. Unakuhusu wewe! Mtu wa rika lako amekutazama, akakuona unastahili miaka ya kazi. Wewe bado hujajiona.

Na yupo Amina Mohamed. Aliondoka Uganda akiwa mtoto mwaka 1972, Waasia walipopewa siku 90 wawe wametoka nchini. Familia yake ikaishia Kanada. Mtu aliyefukuzwa hivyo angeweza kuikunjia Kampala uso maisha yake yote, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alirudi na kamera. Shirika lake, Cameras for Girls, linawafundisha wasichana wanaotaka kuwa waandishi wa habari, na kamera anayojifunzia msichana inabaki kuwa yake. Fikiria hilo dada yangu, wewe ambaye umeambiwa mara mia kwamba kamera ni kazi ya wanaume, kwamba utasukumwa, kwamba utaonekana huna adabu ukisimama mbele ya watu. Aliyefukuzwa akiwa mtoto amerudi kukukabidhi kamera. Wewe uliyebaki unarudi nyuma?

Sasa nifike kwenye jambo linaloniwasha kuliko yote.

Mwaka 2015, kwenye jengo la shirika la utangazaji la taifa, UBC, hapa Kampala, zilipatikana kabatini negativu zipatazo 70,000. Sabini elfu! Zilipigwa na wapigapicha wa Wizara ya Habari, nyingi miaka ya Idi Amin, na chache sana ziliwahi kusafishwa. Mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda, na watu wakaenda kutazama nchi yao. Waliona nini? Mikutano. Gwaride. Rais anahutubia, rais anapokea wageni, rais anapiga kodiani. Wapigapicha wale walikuwa mafundi kweli, na kazi yao ni hazina, nasema hivyo bila kusita. Lakini kamera ilimfuata mkubwa kwa sababu mkubwa ndiye aliyeilipa. Mama aliyekuwa akiuza ndizi Nakasero siku ileile, wakati gwaride linapita, yuko kwenye bahasha gani?

Asiyekuwapo na lake halipo.

Picha yake, kama ipo, iko kwenye albamu ya mtu binafsi, au kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, inaliwa na unyevu. Deo Kyakulagira, mpigapicha wa Kampala aliyeishi kati ya 1940 na 2000, aliacha mzigo wa picha. Mwanawe, Denis Kalyango, hakuutupa. Mwaka 2014 ukawa kitabu. Tangu 2011, Rumanzi Canon na Andrea Stultiens, Mganda na Mholanzi, wameendesha mradi wa History in Progress Uganda, wakipita kwenye makusanyo ya watu kama hayo, wakiyaweka kwenye kompyuta, wakiyarudisha machoni pa watu. Watu wawili walianza! Hawakungoja wizara. Hawakungoja bajeti ya taifa.

Na wewe una sanduku gani chini ya kitanda cha shangazi yako? Umewahi kuuliza? Umewahi kumketisha shangazi, mkafungua bahasha moja baada ya nyingine, ukaandika kwa penseli nyuma ya kila picha: huyu ni nani, hapa ni wapi, mwaka gani? Shangazi akiondoka, wale watu wote wanageuka kuwa wageni. Wakati wa kuuliza ni sasa hivi, wakati anakumbuka.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wewe tumbo lako halijauma bado?

Basi hii ndiyo kazi yako. Nyumba kumi.

Sikutumi dunia. Sikutumi hata Kampala nzima. Nyumba kumi za zoni yako. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, yule wa LC1, kwa sababu mtaa una wenyewe, na kijana anayezungukazunguka na kamera bila salamu huitwa jasusi au mwizi, na mtaa una haki ya kumwita hivyo. Mweleze mwenyekiti unachofanya. Mpige yeye wa kwanza. Kisha ingia nyumba ya kwanza, salimu vizuri, "Nnyabo, naomba nikupige picha, nitaisafisha nikuletee." Akikataa, shukuru, ondoka. Mtoto akikukimbilia akipiga pozi, mtafute mzazi kwanza. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za mtu tangu 2019, lakini hata kama isingekuwepo, uso wa mtu ni mali yake. Usiuweke mtandaoni bila yeye kusema ndiyo. Na usimpige maskini wa jirani yako akiwa mchafu ili wewe upate sifa ya kuonyesha umaskini. Mpe dakika kumi aoge, abadili nguo. Anajua anavyotaka kukumbukwa. Wewe unajua?

Na Kiswahili hiki unachokisoma, unakibebea nini? Katwe, Nsambya, Makindye, kuna maelfu ya watu kutoka mashariki ya Kongo wanaozungumza lugha hii. Mtu anayekimbia vita hubeba mtoto, hubeba sufuria, hubeba godoro akiweza. Albamu habebi. Kuna mama pale, huenda ni nyumba ya sita kutoka kwako, ambaye hana hata picha moja ya harusi yake, ya wazazi wake, ya mwanawe wa kwanza akiwa mchanga. Historia yake yote ya picha inaanzia kwenye karatasi ya usajili wa wakimbizi. Huwezi kumrudishia iliyopotea. Unaweza kumpa ya leo: yeye na wanawe, mlangoni, kwa mwanga mzuri, wamevaa walichokichagua. Una simu. Una lugha yake. Una miguu.

Umebakiza nini?

Umebakiza kuisafisha. Nasema isafishe, iwe karatasi! Picha iliyo kwenye simu yako si yake. Simu huibiwa Old Taxi Park mchana kweupe, simu hutumbukia kwenye beseni la kufulia, na nyuso kumi zimekwenda nayo. Peleka Nasser Road, peleka Nkrumah Road, peleka kwa yule anayesafisha picha za mahafali kule Wandegeya. Zungumza naye bei ya picha kumi kwa mpigo. Kunja mkono kwenye soda na bando kwa wiki mbili. Kisha rudi nyumba ile ya kwanza, bisha hodi, mkabidhi yule mama picha yake kwa mikono miwili.

Mtazame usoni wakati anaipokea. Usizungumze. Atanyamaza kwanza. Halafu ataita mtu aliye ndani aje aone. Kisha atakuuliza kama unaweza kuja tena Jumapili, mume wake atakuwepo.

Darasa lako limeanza hapo, kama hukujua. Kwa sababu watoto watatu watakufuata kutoka nyumba ile, na mmoja atasema, "Kaka, nifundishe." Utamjibu nini? Kwamba wewe si mtaalamu? Abramz Tekya alianzisha Breakdance Project Uganda mwaka 2006, na vijana wa Kampala wakaja kujifunza kudansi bure, kwa msimamo mmoja: kila aliyemo ni mwanafunzi na kila aliyemo ni mwalimu. Uliyejifunza jana unamwonyesha aliyefika leo. Basi na wewe leo umejua mlango, gunia la posho, na kugusa uso kwenye kioo cha simu. Kuna mtoto ambaye hajui hata kimoja. Kwake wewe ni profesa. Mketishe barazani, mpe simu yako, mshikishe kwa mikono miwili, mwambie ampige mama yake. Jumamosi ijayo watakuwa watano. Simu moja inatosha watoto watano. Mmoja anapiga, mmoja anashika gunia, mmoja anachekesha mteja, mmoja anaandika jina, mmoja anasubiri zamu yake na roho inamtoka.

Utanichekea ukisema watoto watano hawabadilishi nchi. Wewe hukuhitaji nchi ibadilike. Ulihitaji mtu mmoja akukabidhi kamera ulipokuwa na miaka kumi, na hakutokea. Huyo mtu sasa ni wewe.

Picha zako za kwanza zitakuwa mbaya. Nakuambia mapema. Utakata vichwa. Utapiga mti ukiota kwenye kofia ya mzee. Utatikisika. Picha ya kumi itakuaibisha kidogo kuliko ya kwanza, na ya mia utaitazama mara mbili. Ya mia mbili, jirani ataitazama aseme, "Ndiye." Hakuna njia ya kufika mia mbili isipokuwa kupita kwenye zile mbaya, na kila siku unayokaa ukitazama kazi za wengine kwenye simu, ukitamani kamera zao, ukihesabu wafuasi wao, hujapiga hata hiyo mbaya moja.

Uwezo unao. Ulikuwa nao siku ile ulipompita jaja barazani, kwa maana uliuona ule mwanga kwenye shavu lake. Usikatae. Uliuona, ukasimama nusu dakika, ukasema moyoni, "Pazuri." Jicho ulikuwa nalo. Mkono ndio ulibaki mfukoni.

Utoe.

Leo usiku, kabla ya kulala, toa kiti barazani. Futa lenzi ya simu kwa ncha ya shati, imejaa mafuta ya vidole. Weka kengele saa kumi na mbili. Mwambie mama asubuhi utamhitaji dakika kumi, na asivae cha maziko wala cha ofisini, avae kile anachokipenda. Atasema hana muda. Atasema amezeeka, kapige wasichana. Usimsikilize. Mvutie kiti, mketishe, mwache akulalamikie mpaka acheke mwenyewe, na akicheka piga.

Kesho jua linachomoza kabla ya saa moja.